Vijiji Vinavyohama na Karatasi Isiyohama: Ramani za Kale na Historia ya Bonde la Lufira

Msafiri anayepanda gari la moshi kutoka Lubumbashi kwenda Likasi huvuka mto Lufira karibu na Kapolowe. Akiufuata mto huo kwa macho kule unakoelekea, ataona maji yakitanuka polepole kati ya matete mpaka yawe ziwa. Hilo ndilo ziwa Tshangalele, ambalo samaki wake huuzwa katika masoko ya Likasi na Lubumbashi. Wengi wanaowala samaki hao hudhani kwamba ziwa liko pale tangu mwanzo wa dunia. Lakini umri wake ni karibu miaka mia moja tu. Katika ramani zilizochorwa kabla ya kujengwa kwa ukuta wa Mwadingusha hakuna ziwa mahali hapo, bali mto tu na uwanda wake.

Tofauti hiyo kati ya karatasi mbili yatosha kuonyesha kwa nini ramani za topografia, yaani zile zinazoonyesha sura ya nchi pamoja na vilima vyake, mito yake, njia zake na makao ya watu, ni chemchemi ya historia isiyopaswa kudharauliwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ramani hizo zinavyoweza kutumiwa ili kuchunguza historia ya sehemu ya mashambani, na mfano unaochukuliwa ni bonde la Lufira. Hoja yenyewe ni moja. Ramani ya kale ni shahidi wa kweli, lakini ni shahidi mwenye upande wake, kwa sababu aliyeichora aliandika alichotumwa kukitafuta. Kwa hiyo haifai kusomwa peke yake. Yapasa kulinganishwa na ramani nyingine za miaka tofauti, kisha kulinganishwa na maneno ya wazee.

1. Aliyepima na aliyegawa

Ramani za kwanza za Katanga zilikuwa ramani za safari. Mjerumani Paul Reichard alifika Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mnamo mwaka 1884. Frederick Stanley Arnot aliwasili huko mwaka 1886. Paul Le Marinel alifika mwaka 1891. Kila msafiri wa namna hiyo alichora njia yake mwenyewe: mstari mwembamba unaopita porini, na kandokando yake majina ya vijito, vilima na vijiji alimopata chakula na wachukuzi. Nje ya mstari huo karatasi ilibaki tupu. Msomaji wa leo akiona vijiji vimejipanga kama ushanga katika uzi mmoja, asidhani kwamba watu wote waliishi njiani. Njia hiyo ndiyo iliyokuwa na mtu mwenye kalamu.

Hatua ya pili ilikuwa ile ya kutafuta mahali pa hakika kwa kutazama nyota. Kazi hiyo ilifanywa hasa na ujumbe wa kisayansi ulioongozwa na Charles Lemaire kati ya mwaka 1898 na 1900. Mwaka huo wa 1900 ndipo ilipoundwa Kamati Maalum ya Katanga, inayojulikana kwa herufi CSK, ili kutunza kwa pamoja mali za Dola Huru la Kongo na za Kampuni ya Katanga. Theluthi mbili za mapato zilikuwa za Dola, na theluthi moja ya Kampuni. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière, na mwaka 1910 reli ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Baada ya Vita Kuu vya kwanza CSK ilikuwa na idara yake ya jiografia na jiolojia, iliyoongozwa na mwanajiolojia Maurice Robert. Idara hiyo ndiyo iliyotoa karatasi nyingi za Katanga katika kipimio cha 1:200.000, ambapo sentimita moja katika karatasi ni kilomita mbili ardhini.

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa kuliko mengine yote. CSK haikuwa chuo cha elimu tu. Iliitawala Katanga mpaka mwaka 1910, na baada ya hapo iliendelea kugawa ardhi na vibali vya madini mpaka mwaka 1960. Basi mkono uliopima nchi ndio uliogawa nchi. Mpimaji alitumwa kutafuta mawe yenye shaba, maporomoko yenye nguvu, njia isiyo na mwinuko mkali na mahali pa kupatia wafanyakazi. Hayo aliyaandika kwa uangalifu mkubwa. Makaburi, mipaka ya mashamba kati ya ukoo na ukoo, vidimbwi vya kuvulia samaki vyenye wenyewe, au mti wa matambiko, hakuvitafuta. Na asichokitafuta hakukiandika.

2. Jina la mtu, jina la kijiji

Mtafiti anayefungua karatasi ya kale ya bonde la Lufira hukutana mara moja na tatizo la majina. Katika sehemu nyingi za Katanga ya kusini kijiji huitwa kwa jina la mkubwa wake. Mpimaji alipouliza, «Hapa ni kwa nani?» alijibiwa jina la mtu, akaliandika kando ya kiduara kana kwamba ni jina la mahali. Lakini mtu huondoka, naye huondoka na watu wake. Kijiji kikihama, jina nalo linahama. Ramani ya miaka ishirini baadaye inaweza kuonyesha jina lilelile umbali wa kilomita kumi au zaidi kutoka pale lilipokuwa, na karatasi zote mbili zikawa zimesema kweli.

Kuna tatizo la pili lililofichika zaidi. Kwa desturi za watu wengi wa nchi hiyo, jina la mkubwa hurithiwa. Akifa, mrithi wake hupewa jina lake, pamoja na cheo chake na hata undugu wake, hivi kwamba aliye hai husema «mimi nilikuja hapa» akizungumzia jambo lililofanywa na marehemu kabla yeye hajazaliwa. Kwa hiyo jina moja linalodumu katika ramani tatu si lazima liwe mtu mmoja, wala si lazima liwe kijiji kilekile. Yaweza kuwa ukoo uliogawanyika, kila upande ukidai jina.

Bunkeya yenyewe ni funzo. Baada ya Msiri kuuawa tarehe 20 Desemba 1891, mji wake mkuu uliachwa. Mwanawe Mukanda-Bantu alikaa na Wayeke karibu na Lofoi, penye kituo cha Dola kilichoanzishwa mwaka ule ule wa 1891, na baada ya kifo chake mwaka 1910 ndipo Wayeke waliporudi Bunkeya. Kituo cha Lofoi nacho kiliachwa baadaye kwa ajili ya Lukafu. Mtu atakayeshika ramani moja tu, iliyochorwa kati ya kuhama na kurudi, ataweza kuamini kwamba Bunkeya ilikuwa jambo lililokwisha. Atakayeshika ramani ya baadaye tu ataamini kwamba haikuhama kamwe. Ukweli umo kati ya karatasi hizo mbili.

Yapasa kuongeza neno juu ya tahajia. Wapimaji waliandika kwa masikio ya Kifaransa au ya Kiflemi, na mara nyingi jina liliwafikia kwa kupitia mdomo wa mkalimani, askari au mchukuzi aliyesema Kiswahili na asiyekuwa mzaliwa wa pale. Ndiyo sababu mto mmoja huandikwa Lofoi au Lufoi, ziwa moja Moëro au Mweru, na ziwa Tshangalele likawa Changalele kwa wanaofuata tahajia ya Kiswahili. Hata Msiri anaitwa Mushidi na majirani zake. Mtafiti anayetafuta jina katika orodha asikate tamaa asipoliona. Alisome kwa sauti, abadilishe r iwe l, o iwe u, na mara nyingi jina litajitokeza lenyewe. Kwa wanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina faida nyingine: majina ya ramani ni kumbukumbu za Kiswahili cha misafara, lugha iliyokuwa daraja kati ya mwenye kupima na mwenye nchi.

3. Maji juu ya mashamba

Maporomoko ya Mwadingusha yaliitwa na Wabelgiji Maporomoko ya Cornet, kwa heshima ya mwanajiolojia Jules Cornet aliyepita Katanga pamoja na msafara wa Bia na Francqui kati ya mwaka 1891 na 1893. Mwaka 1925 iliundwa kampuni ya SOGEFOR kwa ajili ya kuzalisha umeme kwa nguvu za maji. Ukuta ukajengwa juu ya maporomoko hayo, na mwaka 1930 mtambo ulioitwa Francqui ukaanza kutoa umeme, wakati ambapo viwanda vya shaba vya Likasi, kama kile cha Shituru kilichoanza mwaka 1929, viliuhitaji sana. Mtambo wa pili ulijengwa chini yake huko Koni, ukapewa jina la Bia. Hivyo wakubwa wawili wa msafara mmoja waliwekwa juu ya mto mmoja, na katika ramani za wakati huo majina yao yaliandikwa kwa herufi kubwa. Majina ya wenyeji yalirudi baada ya uhuru.

Nyuma ya ukuta huo maji yalitanda. Kwa kuwa uwanda wa Lufira ni tambarare, hayakupata kina bali upana: ziwa lilifunika eneo la karibu kilomita za mraba 400, na kina chake kwa sehemu kubwa ni cha mita chache tu. Ziwa la namna hiyo ni hasara kubwa kwa wakulima kuliko ziwa lenye kina, maana mita moja tu ya maji humeza nchi pana. Tena huimeza ile nchi iliyo bora: udongo mweusi wa kando ya mto, madembo yenye unyevu wakati wa kiangazi, vivuko na njia za kwenda kwa jirani wa ng'ambo. Makao yoyote yaliyokuwa chini ya mstari wa maji hayakuwa na la kufanya ila kuhama.

Ramani yaweza kuonyesha nani alipoteza nini, kama ikisomwa kwa utaratibu. Kwanza, huchaguliwa katika ramani zote mbili, ile ya kabla ya ukuta na ile ya baadaye, alama zisizohama: maporomoko, kilele cha kilima, mahali vijito viwili vinapokutana, daraja la reli. Pili, mwambao wa ziwa huchorwa juu ya karatasi nyangavu kutoka katika ramani mpya, kisha karatasi hiyo hulazwa juu ya ramani ya kale, baada ya kuhakikisha kwamba vipimio vimelingana. Tatu, kila jina lililo ndani ya mwambao huandikwa katika orodha. Nne, majina hayo hutafutwa katika ramani mpya. Yatapatikana mafungu manne: yaliyobaki palepale ukingoni, yaliyohamia mahali pengine, yaliyobadilika, na yaliyopotea kabisa. Fungu la nne ndilo linalomwita mtafiti aondoke mezani.

Hata hivyo mwambao wenyewe si mstari wa milele. Maji ya ziwa hupanda wakati wa mvua na kushuka wakati wa kiangazi, na matete huficha mahali maji yanapoishia. Mstari wa buluu katika karatasi ni mwambao wa siku moja, au ni wastani uliokubaliwa ofisini. Anayeutumia bila kuuliza ulichorwa katika mwezi gani aweza kuzamisha shamba ambalo halikuzama, au kukausha lililokuwa majini nusu ya mwaka.

Aidha, ziwa lilileta watu. Wavuvi walijenga kandokando yake, na kambi za uvuvi zilizoanza kwa vibanda vya matete huweza kukua zikawa vijiji vyenye shule na kanisa. Mwaka 1982 bonde la Lufira liliandikwa na UNESCO kati ya hifadhi za baiolojia za dunia. Basi ufukwe huohuo una wajukuu wa waliohamishwa na maji, una wajukuu wa walioitwa na samaki, na una sheria ya kulinda viumbe. Penye madai matatu namna hiyo, swali la «nani alitangulia?» huacha kuwa swali la wanahistoria peke yao.

4. Mahali peupe

Kati ya kiduara na kiduara, ramani ya kale ina nafasi isiyo na neno. Nafasi hiyo ndiyo iliyoleta madhara kuliko kosa lolote la tahajia. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru la Kongo lilitangaza kwamba ardhi zisizo na mwenyewe ni mali ya Dola. Amri hiyo haikutaja ramani, lakini palipotakiwa kujua ni ardhi ipi isiyo na mwenyewe, kilichoaminiwa ofisini kilikuwa karatasi.

Sasa yafaa kukumbuka jinsi watu wa misitu ya miombo walivyolima. Kwa kilimo cha citemene matawi hukatwa, hurundikwa, huchomwa, na mbegu hupandwa katika majivu. Baada ya miaka michache udongo huchoka, shamba huachwa lipumzike miaka mingi, na kijiji husogea taratibu katika nchi yake chenyewe. Kwa mwenyeji, pori lile ni shamba la jana na la kesho. Mpimaji alipopita aliona miti, akaandika msitu. Karatasi ilisema kweli juu ya miti, ikasema uongo juu ya watu. Vilevile kijiji kilichokuwa na nchi ya mwendo wa siku nzima kilipata nukta moja yenye upana wa milimita moja. Amri ya 2 Mei 1910 juu ya usheferi ilipotaka kila mtu awe chini ya shefu mmoja mwenye mipaka yake, nukta hizo zilizungushiwa mistari, na mistari ile, hata pale ilipokuwa ya kubuniwa, ikaanza kutetewa kama ya mababu.

Jambo hili halikuisha pamoja na ukoloni. Sheria ya 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya Taifa, na kuhusu ardhi zinazokaliwa kwa desturi za wenyeji iliahidi amri ya Rais ambayo kwa miongo kadhaa haikutolewa. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, hugawa vibali kwa miraba iliyochorwa juu ya ramani ya nchi nzima. Kijiji kisichoonekana katika karatasi chaweza kujikuta ndani ya mraba wa mtu asiyekifahamu. Kwa hiyo kuthibitisha kwamba mahali peupe palikuwa na watu ni kazi yenye uzito mahakamani na kwenye meza ya mapatano, kama ilivyo na uzito chuoni.

5. Ukitaka cha mvunguni

Waswahili husema: ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Mtafiti wa ramani hana budi kwenda mashambani. Huko atatafuta mahame, yaani mahali palipokuwa na kijiji kikaachwa. Dalili zake zinajulikana: miembe iliyokaa pamoja katikati ya pori, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia, mavi ya chuma palipokuwa na tanuru, makaburi. Pale dalili hizo zinapoangukia juu ya nukta ya ramani, nukta imethibitishwa. Pale zinapoangukia juu ya mahali peupe, ramani imesahihishwa.

Kuhusu wazee, yafaa utaratibu uwe wa kinyume na ule unaopendwa na wanafunzi wengi. Ramani isifunuliwe mwanzoni. Tangu Jan Vansina alipotoa kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo mwaka 1961, inajulikana kwamba habari ya mdomo ina kanuni zake za uhakiki kama ilivyo kwa maandishi. Mzee anayeonyeshwa karatasi yenye mhuri huweza kuiheshimu kuliko kumbukumbu yake, akakubali yaliyoandikwa ili asimwaibishe mgeni. Bora aachwe kwanza asimulie, achore kwa kijiti mavumbini mto, njia na makao, ataje nani alitangulia na nani alipokewa. Baada ya hapo ndipo karatasi ifunguliwe. Wanapopatana, kuna nguvu mbili. Wanapotofautiana, pasiharakishwe hukumu: yaweza kuwa mzee anazungumzia kijiji cha babu yake na ramani yazungumzia cha mjomba wake.

Wanawake nao waulizwe. Njia ya kisimani, shamba la mihogo, mahali pa kuokotea uyoga na palipochimbwa udongo wa vyungu mara nyingi wao ndio wanaoyajua zaidi, na hayo ndiyo yanayoonyesha nchi ya kijiji ilifika wapi. Katika ramani za CSK hayakuandikwa.

Ramani zenyewe ziko mbali na wanaozihitaji. Nakala nyingi zimo katika Makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji, na nyingine katika Taasisi ya Jiografia ya Kongo mjini Kinshasa, mrithi wa ile ya kikoloni. Kijana wa Kapolowe atakayezitaka hana njia rahisi. Chuo kinachotuma wanafunzi mashambani kingefanya vema kuwapa nakala, na kuwaagiza kuacha moja kwa shefu na moja shuleni pamoja na yale yaliyosahihishwa na wazee. Habari iliyotolewa na kijiji ikirudi kijijini, uchunguzi unakuwa wa haki.

Tamati

Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi historia ya mji wa Elisabethville kama ilivyokumbukwa na watumishi wa nyumbani. Watu waliokuwa wamehesabiwa kama mikono tu walionyesha kwamba walikuwa na macho na kumbukumbu. Vijiji vya bonde la Lufira havikupata kitabu cha namna hiyo. Vina nukta katika karatasi ya mgeni, miembe porini, na sauti za wazee ambazo kila mwaka zinapungua. Vitu vitatu hivyo, kila kimoja kikiwa peke yake, ni dhaifu. Vikiwekwa pamoja, kijiji kilicho chini ya maji ya Tshangalele chaweza kutajwa tena kwa jina lake, na mjukuu wake akionyeshwa mahali peupe katika ramani ataweza kujibu kwamba hapo walikaa watu.